Kwa walimu na wazazi wa Tanga: reli yenyewe iko nyuma ya nyumba

Walimu wanangu, na ninyi wazazi mlionizalia wajukuu,

Marahaba. Najua hamjaniamkia, lakini bibi akishashika kalamu hangoji.

Juzi mjukuu wangu wa darasa la tano alikaa barazani, macho kayafumba, anakariri: "Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Reli ya Tanga ilianza kujengwa..." Alipofika mara ya sita nikamkatiza. Hiyo reli umewahi kuiona? Akafumbua macho, akawaza, akasema bado. Na mtoto huyu anaivuka reli hiyohiyo kila ninapomtuma! Hakuna aliyemwambia kwamba ya kitabuni na ya kuikanyaga ni moja.

Sikumcheka, kwa sababu kosa hilo ni langu pia. Nilianza kufundisha mwaka 1974. Tulikuwa na Siasa, Historia na Jiografia, baadaye likaja Maarifa ya Jamii, na siku hizi kwenye begi la mjukuu naona Historia ya Tanzania na Maadili, na Jiografia na Mazingira. Majina yanabadilika, kukariri kuko palepale. Mimi niliwachapa watoto kwa kuchanganya 1905 na 1914, Majimaji na vita vya Wajerumani na Waingereza. Niliowachapa nawaomba radhi. Wengine sasa nao ni mababu.

Aliyenitoa tongotongo ni mvulana mmoja aliyekuwa akishika mkia darasani. Siku hiyo nilifundisha mkonge: ulivyoletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, mashamba yalivyoenea, vibarua walivyoitwa manamba. Nikauliza manamba ni watu gani. Kimya. Kesho yake yule mvulana akaja na kitu kakifunga kwenye kipande cha kanga. Ilikuwa kadi ya kazi ya babu yake, ile iliyoitwa kipande, imegeuka rangi ya chai, ina visanduku 30 vya kutia alama, kimoja kwa kila siku ya kazi. Kipande chenyewe hicho! Mimi nilikuwa nimekifundisha miaka tisa bila kukishika mkononi.

Nikawaeleza kwamba siku ambayo kibarua hakumaliza kazi aliyopimiwa haikuandikwa, kwa hiyo siku 30 za kadi zilizidi siku 30 za mwezi. Msichana wa dawati la mbele akauliza, "Sasa babu akiugua je?" Swali hilo halikuwamo kitabuni, na lilitupeleka mpaka kengele ya mapumziko. Babu wa yule mvulana alikuwa Muha wa Kigoma. Nikauliza nani mwingine wazee wake walikuja kwa mkonge, nusu ya darasa ikasimama: Wamakonde, Wangoni, Wabena, Wanyamwezi. Tukatoka nje, tukachora ramani ya Tanganyika mchangani, kila mtoto akasimama alikotoka babu yake. Somo la uhamaji wa vibarua lilikuwa limekaa madawatini muda wote, mimi naliandika ubaoni. (Mkaguzi mmoja alitukuta nje akaandika kwamba nimepoteza kipindi. Aliandika, nami niliendelea.)

Walimu, najua mnavyobanwa. Darasa limejaa hadi dirishani, mtihani unawasubiri, na muda ni uleule. Sisemi muache tarehe. Tarehe ni misumari, lakini kwanza mpeni mtoto cha kutundika. Kipindi kimoja kwa mwezi cha kumwalika mzee aje kuulizwa maswali hakiwezi kuangusha mtihani. Na mzee asije kuhutubia, tafadhali. Sisi wazee tukipewa nafasi hatunyamazi. Watoto waandae maswali kabla, na mwalimu akae na saa.

Nanyi wazazi, msijifiche nyuma ya "mimi sikusoma". Ukimpa mtoto chenji, mwambie akusomee sarafu: shilingi 50 ina Mwinyi na kifaru, 100 Nyerere na swala, 200 Karume na simba, 500 Karume na nyati. Muulize hawa watatu ni nani. Mkiwa pwani na upepo umegeuka, mwambie kaskazi hutoka kaskazini na kusi hutoka kusini, na mabaharia ndio walioutegemea kwenda na kurudi Arabuni. Anayelijua hilo hahitaji wimbo wa kukumbuka pande za dunia.

Safari ya basi ndiyo napenda kuliko zote. Mkienda Moshi msimpe simu. Mpeni kiti cha dirishani na karatasi, aandike: Muheza machungwa, Korogwe, Mombo, Same. Ataona upande wa Amani misitu imejaa unyevu, na mkishapita Mombo nchi inakauka hadi miiba. Muulize mvua imeishia wapi. Mwache aiangalie milima ya Usambara mwenyewe mpaka ajibu kwamba upepo wa bahari umepanda mlimani na kumwaga maji upande wa huku. Kisha mwonyeshe reli ikienda sambamba na barabara. Ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo 1905. Kutoka Tanga hadi Moshi ni miaka 18, na ninyi mnatumia asubuhi moja.

Mkutano wa mtaa nao, mkienda, mchukueni mtoto akae nyuma. Atachoka, lakini ataona mkono ukinyooshwa na mwenyekiti akihesabu.

Jumamosi nilimpeleka mjukuu relini, nimemshika shati muda wote, na sikuruhusu tukaribie mpaka nilipohakikisha hakuna treni. Nilibeba tepu yangu ya cherehani. Alipiga magoti kwenye kokoto akapima kutoka ndani ya chuma kimoja hadi ndani ya kingine, mara mbili, hakuamini. "Bibi, ni mita moja kamili!" Kisha akanyamaza, akauliza kwa nini basi treni mpya ya Dar es Salaam, ile ya SGR, reli yake ni pana kuliko hii, na je, behewa la kule likija huku litaanguka?

Nimemwambia aliandike swali hilo kwenye daftari. Mwalimu wake, kama unasoma barua hii, analileta Jumatatu.

Bibi yenu, mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga