Mapishi ya rangi yaandikwe pia kwa soko la Lindi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja kuhusu kurasa za mapishi zinazochapishwa magazetini mwishoni mwa juma, ambazo mimi, mwalimu mstaafu wa sayansikimu, huzisoma kabla ya habari za siasa. Mapishi yenyewe ni mazuri na picha zake zinavutia, lakini karibu kila mara sahani inayosifiwa kuwa ya rangi na ya afya imepambwa kwa pilipili hoho nyekundu na za njano, brokoli, na wali uliotiwa nusu kijiko cha rangi ya chakula, kana kwamba familia iliyoko Lindi, Ruangwa au Newala haiwezi kuandaa mlo wa rangi mpaka gari la mboga lifike kutoka mbali.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mjukuu wangu wa kiume mwenye umri wa miaka 11, ambaye alikata ukurasa mmoja wa namna hiyo akauleta jikoni na kuniomba Jumapili tupike "chakula kama hiki, bibi." Tukaenda naye sokoni Jumamosi asubuhi. Hoho za kijani zilikuwepo. Nyekundu ilikuwa moja tu, imenywea, na bei aliyoitaja muuzaji ingetutoshea mafungu manne ya matembele na chenji ikabaki. Mtoto alinyong'onyea. Nikamwambia aikunje karatasi yake aiweke ndani ya kikapu, kisha tuzunguke meza zote tuhesabu rangi zilizopo badala ya kutafuta zisizopo.

Tulihesabu nyingi kuliko zile za kwenye picha. Palikuwa na boga lililopasuliwa, nyama yake ya rangi ya chungwa, na pembeni viazi lishe, ambavyo ukivikata ndani ni kama karoti. Palikuwa na choroko za kijani, kunde nyekundu na nyeusi, mbaazi kavu, nyanya, bamia, majani ya maboga, kisamvu kilichokwisha kutwangwa, ukwaju, rosela iliyokaushwa yenye wekundu wa damu ya mzee, bizari ya manjano ikipimwa kwa kijiko, karanga, ufuta, na mama mmoja aliyekuwa na korosho zilizovunjika wakati wa kubangua, ambazo huuzwa kwa bei nafuu kuliko nzima ingawa ladha ni ileile. Mtoto ndiye aliyekuwa akihesabu kwa vidole. Alipofika kumi akaacha.

Naomba nieleze tulichopika, kwa sababu hoja yangu imo ndani ya sufuria. Wali tuliupika wa nazi, wa manjano. Nilikaanga kitunguu, nikatia bizari ndani ya mafuta ya moto kabla ya kitu chochote chenye maji, kwa kuwa rangi ya manjano huyeyuka katika mafuta na si katika maji, na mpishi anayeinyunyizia juu ya wali unaochemka hupata madoa mahali pa rangi. Ukafuata mchele, tui jepesi na chumvi. Maji yalipokaribia kukauka nikamimina tui zito na kupalia makaa juu ya mfuniko. Wali ulitoka wa njano kila punje, na haukuhitaji pakiti. Changu tuliwakaanga kidogo, kisha tukawapika katika mchuzi wa nyanya, ukwaju na zile korosho zilizovunjika, nilizoziloweka na kuzisaga mbichi hadi zikawa laini. Mchuzi huo huwa mzito na mweupe kidogo, na mtu asiyejua hudhani umetiwa maziwa. Boga tulilipika kwa tui na chumvi tu. Majani ya maboga tuliyamenya nyuzi, tukayakatakata, tukayachemsha kwa muda mfupi bila kuyafunika na kuyaunga kwa karanga za kutwanga.

Hapo kwenye majani nina ugomvi wa siku nyingi na wenzangu. Wengi wetu huku hutia magadi ili mboga ilainike upesi na ibaki na ukijani wake. Ukijani kweli hubaki, lakini vitamini C na baadhi ya vitamini za kundi B huharibika kwa magadi, kwa hiyo tunaitunza rangi na kuipoteza faida iliyotufanya tuitafute. Mboga laini iliyopikwa haraka, sufuria ikiwa wazi ili mvuke wenye asidi utoke, hubaki ya kijani yenyewe. Kisamvu ni jambo jingine: hicho lazima kitwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu ili sumu iliyomo kwenye majani ya muhogo itoke, na hakuna sababu ya kukilalamikia kinapogeuka rangi ya zeituni.

Kinywaji kilikuwa rosela. Niliiloweka katika maji ya moto, nikaichuja, na mbele ya mjukuu wangu nikaigawa katika bilauri mbili ndogo: ya kwanza nikaikamulia ndimu, nayo ikawaka wekundu, ya pili nikaitia chembe ya magadi, ikageuka kuelekea rangi ya bluu iliyochafuka. Alitoka mbio kwenda kuwaita watoto wa jirani, na nililazimika kuirudia kazi hiyo mara tatu. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sikuwahi kupata darasa lililotulia kama lile.

Ninaleta habari hizi gazetini, Ndugu Mhariri, kwa sababu suala hili linazidi mapambo ya meza. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wenye umri wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Hapa kwetu kusini nyumba nyingi hula ugali wa muhogo kwa dagaa jioni hadi jioni, mlo unaoshibisha tumbo lakini ambao, ukiuangalia kwenye sahani, una rangi mbili tu, nyeupe na kijivu. Muhogo una protini kidogo sana. Kiazi lishe, boga na majani ya kijani kibichi vina kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na mwili hukipokea vizuri zaidi kikiliwa pamoja na mafuta. Ndiyo maana tui, karanga na ufuta vya bibi zetu havikuwa anasa ya ladha peke yake. Vivyo hivyo, ndimu inayokamuliwa juu ya mboga za majani husaidia mwili kuyapata madini ya chuma yaliyomo. Mtu hahitaji kujua majina haya ili afaidike nayo, lakini mwandishi wa ukurasa wa mapishi anahitaji kuyajua.

Tatizo letu ni kwamba vyakula vyetu vya rangi tumezoea kuviona kuwa ni fedha. Korosho hupelekwa ghalani, ufuta hupigwa mnada, na mbaazi husubiri bei ya India. Mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa kuagiza mbaazi na bei ikaporomoka, magunia yalibaki majumbani, na mwaka ule tulizila mbaazi kwelikweli, tena kwa kunung'unika, kana kwamba kula ulichokilima ni adhabu. (Wazee wa Nachingwea wanaweza kuongeza habari ya wale wageni waliokuja mwaka 1947 kufyeka pori walime karanga za kuipatia Uingereza mafuta, wakauacha mpango wao mwaka 1951, tangu zamani ardhi hii hutazamwa kwa jicho la jiko la mtu mwingine.) Simwambii mkulima asiuze, kwa kuwa ada za shule hazilipwi kwa mbaazi za nazi. Ninasema kisado kimoja kibaki nyumbani kabla gunia halijashonwa.

Kuhusu rangi za pakiti, sipendi kutia watu hofu. Ziko zilizoruhusiwa, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, kwa hiyo pakiti yenye jina la rangi, tarehe na alama ya ubora ina mtu wa kuulizwa. Ninayoiogopa ni ile poda isiyo na jina inayopimwa kwa kijiko kutoka kwenye kopo, inayotiwa katika ubuyu wa shuleni mpaka ndimi za watoto zinabaki nyekundu hadi kesho yake. Hata zile zenye majina, katika nchi za Umoja wa Ulaya tangu Julai 2010 chakula chenye rangi sita maalumu, mojawapo ikiwa tartrazini ya njano, hutakiwa kuandikwa tahadhari kwamba huenda kikaathiri utulivu wa watoto. Ikiwa ukurasa wa mapishi unamwagiza mama atie rangi, basi na umwambie ni rangi gani, kiasi gani, na kwamba bizari ya manjano ingefanya kazi hiyohiyo.

Najua nitajibiwa kwamba mapishi ninayoyaeleza yana kazi nyingi. Ni kweli. Kukuna nazi, kukamua tui, kusaga korosho na kumenya nyuzi za majani ni kazi za saa kadhaa, na kwa desturi zetu zote humwangukia mwanamke mmoja ambaye ametoka shambani au dukani akiwa amechoka, wakati pakiti ya viungo hufunguliwa kwa meno. Sina jibu zuri isipokuwa lile nililolijaribu: siku ile mjukuu wangu ndiye aliyekalia mbuzi akakuna nazi mbili, baba yake akachochea makaa na kupaa samaki, nami nikabaki na mwiko. Nazi imepanda bei pia, hilo silifichi, na siku ambayo haipo karanga hushika nafasi yake bila aibu.

Ninachokiomba kwa wahariri wa kurasa hizi ni kidogo. Angalau mara moja kwa mwezi mapishi yaanzie katika soko la mkoa fulani, yakitaja vitu kwa majina ambayo wauzaji wa pale wanayatumia na kwa vipimo vya fungu, kikombe na kibaba, kwa kuwa mizani ya gramu haipo majikoni mwetu. Mapishi yanapotaja hoho nyekundu, pawe na mstari mmoja wa kusema nini kitumike isipokuwepo. Na picha ipigwe kwenye sahani ya kawaida, si ubao mweusi wenye majani matatu pembeni.

Kwa upande wa kusini ningependekeza kuanza na mabibo, yale matunda ya mkorosho, maana msimu wake ukifika huoza chini ya mikorosho huku watoto wetu wakinunua maji ya rangi, ilhali bibo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, kimekwisha kuwafundisha watu kutengeneza juisi na jemu za mabibo, kwa hiyo ujuzi hauko mbali. Ule ukakasi unaowakimbiza wengi hupungua mabibo yakichemshwa kwa dakika chache katika maji ya chumvi na kusuuzwa kabla ya kukamuliwa. Nikipewa safu, vipimo vyangu nitavituma kwa mkono wangu mwenyewe, na mjukuu wangu ameahidi kuchora picha.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa sayansikimu,
Mtanda, Lindi.