Alama za vidole zifundishwe, lakini karatasi zirudi kwa watoto

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi walimu wenzangu wa Mtwara na Lindi wasiliache zoezi la alama za vidole kwa sababu ya kukosa maabara, kwa kuwa mahitaji yake ni penseli laini, karatasi nyeupe, selotepu na lenzi moja ya kukuzia inayopokezanwa darasa zima.

Mwanafunzi husugua penseli kwenye karatasi hadi pawe peusi, akapaka ncha ya kidole weusi huo, akakibandika selotepu, kisha akaibandua taratibu na kuigandisha kwenye karatasi safi. Mistari inayoingia upande mmoja, ikapinda na kurudi ilikotoka, huitwa kitanzi. Inayojizungusha ni mviringo. Inayopanda katikati kama kilima na kutokea upande wa pili ni tao. Wakibishana, huwaambia watafute pembetatu ndogo mistari inapoachana: kitanzi kina moja, mviringo kwa kawaida una mbili, na tao la kawaida halina. Nauthamini ubishi huo kuliko majibu ya kukariri, kwa maana humlazimisha mtoto kutazama upya. Kwa watu wengi vitanzi huwa kama asilimia 60 hadi 65, mviringo 30 hadi 35, na matao karibu 5.

Huwaeleza pia kwamba Azizul Haque na Hem Chandra Bose, maofisa wa Kihindi, walishiriki kuunda mfumo wa uainishaji uliopewa jina la mkuu wao, Edward Henry, na ambao polisi wa London walianza kuutumia mwaka 1901.

Mwaka jana binti mmoja aliona kidole gumba na cha shahada vimetoka karibu vitupu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mimi sina alama?" Nyumbani humsaidia bibi yake kubangua korosho, na mafuta ya ganda yalikuwa yamemchubua ngozi. Tulipojaribu kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kitanzi kilitokea wazi, nami nikamweleza kwamba michoro hiyo hujengeka tumboni mwa mama na ina mizizi chini ya ngozi ya juu, hivyo mchubuko wa juujuu ukipona, hurudi vilevile.

Jambo moja linanisumbua. Alama hizi ndizo zinazotumika kwenye kitambulisho cha taifa na usajili wa laini za simu, na hazibadilishwi kama neno la siri. Hata hivyo niliwahi kuona darasani karatasi za watoto, zenye majina kamili, zimebandikwa ukutani muhula mzima. Karatasi ziandikwe namba badala ya jina, na kipindi kikiisha kila mtoto aondoke na yake. Ambaye mzazi wake hajaridhia, achunguze alama za mwalimu.

Mwalimu wa sayansi, shule ya msingi,
Newala, Mtwara