Kaka, dakika tatu tu

Kaka,

Shikamoo. Umenitoa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, simu zangu hupokei, na shangazi niliyemwomba apande Uru, huko kwetu Moshi, kuzungumza nawe amerudi na jibu kwamba huna muda wa kubishana na mwanamke. Basi naandika hapa, ambako ukikataa kusoma, wanao watakusomea. Wengine mnaopita mtanisamehe, haya ni ya nyumbani: mazishi ya Mama, na mzee uliyemnyima dakika tatu.

Nianze na mema yako, usije ukasema nimekuvua nguo hadharani. Msiba wa Mama uliubeba wewe. Maturubai, jeneza, ng'ombe, gari la kupandisha mwili mlimani kwenye yale matope, wageni wa Dar waliokuja na viatu vyeupe: yote yalipita mikononi mwako na hukumlalamikia mtu. Na zamani, ulipoacha shule ukaenda kusimama sokoni Mbuyuni na magunia ya vitunguu ili mimi nimalize sekondari, hilo sijalisahau. Sema usilitaje kila tunapokosana. Ada ulinilipia, mdomo hukuununua.

Baba alipoondoka kwenda vita vya Kagera ulikuwa na miaka tisa, mimi bado nabebwa mgongoni. Kwa hiyo baba ninayemjua ni yule uliyenipa wewe, usiku, chemli ikiwa imezimwa kubana mafuta ya taa. Wewe ndiye uliyenisimulia kwamba alikuwa mwalimu aliyepitia mgambo. Kwamba hotuba ya Nyerere ya tarehe 2 Novemba 1978 mliisikiliza kwa jirani kwa sababu redio yetu haikuwa na betri, ukashika uwezo, sababu na nia, ukawa unazitamka njia nzima ya mtoni mpaka Mama akakufinya. Siku moja kabla ya hotuba Idi Amin, mtawala wa Uganda, alikuwa ametangaza kwamba ardhi yote kaskazini ya mto Kagera sasa ni Uganda. Siku moja baada ya hotuba daraja la Kyaka, la mto huo huo, likawa chini. Mwanafunzi wa darasa la pili alijua hayo yote kwa mpangilio, na alinifundisha mimi.

Wewe tena ndiye uliyeniambia habari ya Machi 1979. Mama alikuwa amepeleka ndizi mjini, akakuta magari mengi ya serikali, akauliza ni mkubwa gani amekufa. Hakuna aliyekufa. Waganda waliokuwa uhamishoni walikuwa wamekutana Moshi, tarehe 24 hadi 26, wakaunda UNLF, chama chao cha kuikomboa Uganda, na kumweka Yusuf Lule awe mwenyekiti. Serikali ya kumrithi Amin ilipikwa hapa kwetu, chini ya mlima, wakati baba anatembea kwa miguu ndani ya Uganda. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka, watu wakatoka kucheza, Mama naye akacheza. Ulisema alicheza mpaka kanga ikamdondoka. Alikuwa mjane tayari, na hapakuwa na aliyemwambia.

Ulinisimulia hilo nikiwa na miaka kama saba, tukila unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, ndani ya ile miezi 18 ya kufunga mkanda aliyotuomba Nyerere baada ya vita, ambayo nyumbani kwetu haikuisha kwa wakati. Nililia, ukaniambia usilie, ukalia wewe.

Sasa niambie, kaka huyo aliyenisimulia alikwenda wapi siku ya mazishi?

Uliandika wasifu wa marehemu mwenyewe. Mama alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa, "akafiwa na mumewe mwaka 1979". Nukta. Ukaendelea na vikundi vya jumuiya alivyokuwa mweka hazina. Mtu asiyetujua angedhani baba alianguka kutoka kwenye mti wa parachichi.

Hata hilo ningelimeza. Lile la mzee siwezi.

Alikuwa amefika tangu asubuhi. Alipanda daladala, akashuka chini kule, akatembea kwa fimbo mpaka uani. Koti lake la kaki limekaa mabegani kama limetundikwa kwenye msumari, nishani ya Kagera kifuani, kaisugua mpaka inang'aa. Alikaa nyuma ya turubai la wanaume, kwenye lile benchi la mguu mbovu. Ulimjua, Kaka. Usiniambie hukumjua. Huyu ndiye aliyekuja na sanduku la bati la baba, na wewe ndiye uliyelipokea.

Muda wa salamu ulipofika alisimama na karatasi yake iliyokunjwa mara nne. Ukamfuata wewe mwenyewe, maiki mkononi, hukumtuma hata kijana. Ukasema, na spika zikatusikilizisha wote: "Mzee wangu, ratiba imebana, Padre ana ibada nyingine. Tutakusikiliza siku nyingine." Mzee akasema, "Ni dakika tatu tu, mwanangu." Ukamshika bega ukamkalisha. Halafu ukageuka ukampa maiki diwani, akaongea robo saa kuhusu barabara.

Kuhusu barabara, Kaka. Mama yuko ndani ya sanduku pale mbele, na sisi tunaelezwa habari za greda.

Kwenye kundi, kabla hujanitoa, uliandika kwamba nalazimisha siasa msibani. Ukaandika pia: "Amin amekufa, baba amekufa, Mama amekufa. Sasa unataka nani ashtakiwe?" Watu kumi na kitu wakaweka vidole gumba. Nimelifikiria swali lako kwa heshima zote, kwa sababu ni swali la kweli.

Unajua nilikofanya kazi. Mbuyuni ulikuwa ukijisifu kwamba dada yako yuko UN, ingawa nilikuwa karani wa nyaraka tu pale AICC, jengo la mikutano la Arusha, kwenye ile Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Nilipanga majalada, nikasukuma vitoroli vya makaratasi kwenye korido. Lakini macho nilikuwa nayo. Nimeona shahidi, mama wa kijijini kama Mama, kaletwa kwa ndege kutoka Rwanda, kawekwa nyuma ya pazia ili asijulikane, kapewa herufi badala ya jina. Anasema sentensi moja kwa Kinyarwanda, ukumbi mzima unangoja mpaka imefika kwa Kifaransa, imefika kwa Kiingereza. Akishindwa kuendelea, kikao kinasimama. Majaji, mawakili wa pande zote mbili, wakalimani, walinzi, wote wanangoja mama mmoja apate pumzi. Na mshtakiwa naye anangoja.

Pale nilifuatilia kesi ya Kanali Théoneste Bagosora wa Rwanda, aliyeshtakiwa kwa mauaji ya kimbari, iliyoanza Aprili 2002. Hukumu ilisomwa tarehe 18 Desemba 2008. Katika aliyotiwa hatiani nayo yalikuwemo mauaji ya Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, na ya askari 10 wa Ubelgiji wa kikosi cha Umoja wa Mataifa, waliokwenda kumlinda mama huyo na wakauawa wenyewe katika kambi ya jeshi Kigali, tarehe 7 Aprili 1994. Miaka 14 baadaye, mjini kwetu Arusha, ng'ambo kidogo tu ya pale unaponinunulia maharage ukija, watu walikuwa bado wanaulizana: nani alikuwepo, saa ngapi, nani angeweza kuzuia na hakuzuia. Bagosora alipewa kifungo cha maisha, rufaa ikapunguza kikawa miaka 35, akafia Mali mwaka 2021 akiwa bado mfungwa.

Sisemi mahakama ile ilikuwa ya malaika. Ilijikokota, ilikula fedha nyingi, na wapo wanaosema hadi leo kwamba iliangalia upande mmoja wa vita na kuufumbia macho mwingine. Nimewasikia na siwapingi. Ila wale askari 10 waliulizwa habari zao.

Amin je? Tarehe 16 Agosti 2003 alikufa Jeddah, kitandani, hospitali. Habari ilipofika kazini kuna walioshangilia. Mimi nilikwenda chooni nikakaa. Tangu akimbie Kampala mpaka anazikwa hakuna jaji aliyemuuliza swali hata moja chini ya kiapo, si kuhusu Waganda wake, si kuhusu watu wetu wa ng'ambo ya mto, waliouawa, kisha ng'ombe wao wakaswagwa mpaka Uganda, si kuhusu mwalimu mmoja wa Uru. Nilikuwa nasukuma kitoroli chenye haki ya watu wengine, na nilikuwa nalipwa kwa hilo.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: hakuna wa kushtakiwa. Nakubali. Na kwa kuwa hakuna, hakutakuwa na majaji, wala pazia, wala mkalimani. Kilichokuwa kimebaki kwetu badala ya mahakama ni mzee mmoja mwenye fimbo na karatasi, na wewe ukamkalisha.

Usinijibu kwamba vita ile nayo ilikuwa na yake. Najua. Najua walikuwepo waliorudi na redio na saa zisizo zao. Mzee mwenyewe aliniambia, na hakujitetea. Hata hayo yangesemwa dakika hizo hizo, tungeyasikia wakubwa kwa wadogo.

Halafu kuna hili la kususa kikao. Shangazi anasema mnanisema kwamba niliondoka kabla ya kikao cha kihamba, shamba letu la ukoo, nikakosa adabu, nikaacha wazee wamekaa. Sikususa. Mzee alikuwa hana usafiri, jua linazama, mvua ile uliiona. Ningemwacha atembee? Nilimpeleka kwake Kibosho kwa gari langu, nikakaa naye mpaka mkewe akaleta chai. Hayo ndiyo makosa yangu. Na tuseme ukweli, katika kikao hicho mimi ningeambiwa nini? Mtoto wa kike anaitwa kihamba kikiwa kimeshagawanywa, atie sahihi. Habari ya lile shamba la chini sitaigusa hapa, tutaigusa mahali pake.

Ndani ya gari nilimwomba ile karatasi. Unataka kujua ilikuwa na nini? Majina. Majina ya waliotoka milimani kwetu kwenye lori moja na baba, kila mtu na kijiji chake: huyu alirudi, huyu hakurudi, huyu alirudi akafa na pombe. Chini ya jina la baba kulikuwa na mistari kadhaa. Kwamba alikuwa akiwaandikia barua wenzake wasiojua kuandika, na wengine walimwambia aongeze maneno matamu kwa wake zao, naye akaongeza. Kwamba kwenye matope ya Lukaya, ndani ya Uganda, alibeba bunduki mbili. Kwamba amelazwa Kaboya, wilaya ya Muleba, pamoja na wenzake, na kwamba mzee alikwenda akaliona kaburi. Mwisho aliandika, "Mama watoto, shemeji yangu, nenda kamsalimie." Ndiyo hiyo siasa niliyoilazimisha.

Kaka, wewe unapenda kuniambia nijifunze kwa wakubwa. Angalia Siku ya Mashujaa kwenye televisheni, kila tarehe 25 Julai. Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, balozi anaweka shada, meya anaweka upinde na mshale. Halafu anakuja mzee mmoja kwa niaba ya waliopigana, anatembea polepole, anaweka shoka, na nchi nzima inamngoja afike na arudi. Hiyo ni ratiba kali kuliko ya msiba wowote Uru, na bado mzee ana nafasi yake. Siku nyingine ukishika ratiba, waambie waheshimiwa ndio wakae. Mimi kila msiba ninaoandaa huku Arusha nafanya hivyo, na hakuna Padre aliyechelewa ibada kwa ajili yangu. Nimewahi kununiwa na mheshimiwa, nikala pilau yangu nikalala.

Najua sehemu ya jambo hili. Mtoto wa miaka tisa aliyekabidhiwa sanduku la bati akaambiwa "wewe sasa ndiye baba" hawezi kutaka kusikia habari za yule wa kwanza kila siku. Ningekuwa wewe labda ningechoka pia. Lakini mimi sikupewa sanduku. Nilipewa maneno tu, yako, na ukaja kuyakatia umeme mbele ya kaburi.

Ukimtuma shangazi na jani la sale, lile la kuombea msamaha kwa sisi Wachaga, nitalipokea, maana silikatai, sijawa mtu wa ajabu kiasi hicho. Ila sale halitanitosha. Julai hii nakwenda Kaboya. Mzee amekubali kuja, mkewe ameshanionya kuhusu dawa zake za presha. Tunaondoka Arusha kwa basi la alfajiri, kupitia Singida na Kahama, tunalala njiani kwa sababu ya magoti yake, kisha njia ya Muleba. Karatasi ataisoma mwenyewe, polepole anavyotaka, na nimemwambia aongeze jina la Mama.

Nimekata tiketi tatu. Ukiona aibu kukaa na mimi, ya kwako ni ya kiti cha nyuma.

Mdogo wako