Risala ya Klabu ya Fizikia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi, Dar es Salaam

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu na kuvumilia foleni ya Barabara ya Mandela.

Mwaka huu sisi wa Kidato cha Tano na cha Sita tumejifunza jambo ambalo halitatupa alama kwenye mtihani: ndani ya protoni, chembe iliyomo kwenye kiini cha atomu, mna nini? Mezani kwetu kuna ubao, na chini yake tumeficha umbo. Ukivingirisha gololi upande huu na kuangalia zinatokea wapi, utalitambua umbo bila kuliona. Wanasayansi hutumia elektroni badala ya gololi.

Miaka ya 1950, Robert Hofstadter wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alizirusha elektroni kwenye haidrojeni, ambayo kiini cha atomu yake ni protoni moja. Zilizokengeuka kwa pembe kubwa zilikuwa pungufu kuliko ambavyo zingekuwa kama protoni ingekuwa nukta tupu. Kumbe protoni ina ukubwa: nusu kipenyo chake hakifiki hata sehemu moja ya trilioni ya milimita. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1961.

Kilichotusisimua zaidi ni kilichofuata. Kuanzia mwaka 1967, Jerome Friedman, Henry Kendall na Richard Taylor walitumia mashine ya kuongeza kasi ya elektroni ya SLAC, maabara iliyoko Stanford, yenye urefu wa kilomita 3 hivi, kurusha elektroni zenye nishati kubwa zaidi kiasi cha kuivunja protoni. Hofstadter alipata pungufu. Hawa wakapata ziada. Elektroni nyingi mno ziliruka kwa pembe kubwa, ishara kwamba zilikuwa zikigonga vitu vidogo na vigumu vilivyomo ndani. Murray Gell-Mann na George Zweig walikuwa wamependekeza kwaki, yaani chembe ndogo zinazounda protoni, tangu 1964, lakini wengi waliziona kama hesabu za karatasini tu. Nobel ya hao watatu ilikuja mwaka 1990.

Na bado kazi haijaisha. Mwaka 2010 kipimo kwa kutumia miuoni, chembe zinazofanana na elektroni lakini nzito zaidi, kilitoa nusu kipenyo cha femtomita 0.84 (femtomita moja ni sehemu moja ya trilioni ya milimita), ilhali vipimo vya elektroni vilikuwa vikitoa 0.88. Mabishano yakadumu miaka mingi, hadi jaribio la elektroni la maabara ya Jefferson Lab, Virginia, Marekani, lilipotoa 0.83 mwaka 2019. (Sisi kwenye mazoezi ya maabara hukatwa alama kwa tofauti ndogo kuliko hiyo!)

Ndugu Mgeni Rasmi, changamoto yetu ni kwamba miale ya elektroni tunaifahamu kwa michoro ya chaki tu. Tunaomba utusaidie kupata kifaa kimoja cha kuonesha jinsi miale hiyo inavyopindwa na sumaku, na utufungulie njia ya kutembelea Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nauli ya daladala tutajichangisha wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.