Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Samaki wa Bwawa na Uvuvi wa Ndoana

Ndugu wanachama,

Suala lililochukua sehemu kubwa ya vikao vya kamati mwaka huu ni samaki gani wapandwe katika bwawa letu la pembezoni mwa mji wa Lindi. Wanachama wengi wameomba tulete vifaranga vya sato, jamaa mkubwa wa perege asiye wa asili ya huku. Wanasema sato hukua haraka, huvuta mshipi kwa nguvu, na vifaranga vyake havisumbui kupatikana. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo kamati imekataa, na inauomba mkutano huu uthibitishe uamuzi huo.

Sababu ya kukataa ni hii. Katika utafiti wa kati ya 2013 na 2016, maziwa ya Rutamba, Nambawala na Mitupa, hapa hapa kusini, yalikutwa na perege wa Korogwe, aina iliyofahamika zaidi kwa mito na mabwawa ya upande wa Tanga. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa 2021 ulikadiria kwamba perege hawa wa kusini waliachana na wenzao wa kaskazini yapata miaka 140,000 iliyopita. Kwa hiyo hakuna aliyewaleta kwa ndoo miaka ya karibuni. Ni samaki wa huku. Uchunguzi huohuo ulikuta machotara wa perege hao na sato katika maziwa matatu ya kusini. Chotara naye huzaa, na baada ya vizazi kadhaa perege halisi anaweza asipatikane tena, hata kama maji yamejaa samaki.

Bwawa letu halijafungwa. Mvua kubwa za masika zikipita, kama zile za kimbunga Hidaya Mei 2024, maji hutoka kwa njia ya maji ya ziada na samaki hushuka nayo hadi vijitoni. Tukimwaga sato hapa, tumemmwaga na huko chini.

Wapo waliopendekeza tununue vifaranga dume tupu, wale waliolishwa homoni wakiwa wachanga, kwa kuwa hawatazaana. Kwenye bwawa la kufugia lenye aina moja ya samaki hoja hiyo ina uzito, ingawa hata huko hukosi majike wachache waliopenya. Kwetu sisi hoja inageuka kuwa hatari. Dume la sato ni dume kamili, na majike wa perege tayari wapo majini. Dume hilo kubwa litawafukuza madume wa perege kwenye viota na kurutubisha mayai ya majike wao. Ukileta dume tupu, umeleta sehemu ileile inayotengeneza chotara.

Tatizo tulilonalo kweli ni perege wadogo wadogo, wengi wasiofika upana wa kiganja. Hawa hawatuonyeshi kwamba bwawa limepungukiwa samaki. Wanatuonyesha kwamba chakula hakiwatoshi. Jike la perege hubeba mayai na vifaranga mdomoni, hivyo vingi hupona. Kukiwa na msongamano, perege huanza kuzaa akiwa bado mdogo sana, na nguvu ya kukua inaishia kwenye uzazi. Kuongeza vifaranga vingine ni kuongeza midomo. Kinachotakiwa ni samaki wa kula vifaranga, na wavuvi wa kuwapunguza perege waliodumaa.

Mla vifaranga tuliyemchagua ni kambare wa kienyeji. Kamati inapendekeza wachukuliwe kwenye madimbwi ya Mto Lukuledi yanayobaki kiangazi, kwa barua ya Afisa Uvuvi wa Halmashauri na si vinginevyo. Kambare awe na urefu wa sentimita 10 hadi 15. Akiwa mdogo kuliko hapo, perege wakubwa na kambare wenzake humla. Akiwa mkubwa sana, huanza na perege tunaotaka wakue. Tupande kidogo kidogo na tupime matokeo kabla ya kuongeza.

Usafirishaji ndio unaoua samaki wengi, kwa hiyo wanachama watakaojitolea wazingatie haya. Kambare wakae siku nzima bila kulishwa, ili wasichafue maji njiani. Kabla ya kufungwa waogeshwe kwenye maji ya chumvi, gramu 10 kwa lita, kwa dakika 10, kupunguza vimelea. Akianza kulala ubavu mtoe mara moja. Mfuko uwe wa nailoni mbili, moja ndani ya nyingine, theluthi moja maji na theluthi mbili oksijeni, ufungwe kwa mpira. Safari iwe alfajiri, mifuko ikiwa imefunikwa magunia mabichi.

Mkifika bwawani, mfuko uelee ukiwa umefungwa kwa dakika 20 hivi, kivulini, mpaka joto la maji ya ndani na ya nje lilingane. Usiufungue mapema. Njiani samaki wametoa kabonidayoksaidi, ambayo hufanya maji ya mfuko yawe na tindikali kidogo, na kwenye tindikali amonia haina makali. Ukifungua, hewa hiyo inatoka, tindikali inapungua, na amonia ileile inageuka sumu kwenye matamvua. Kwa hiyo ukishafungua usikae kupiga picha: ongeza vikombe vichache vya maji ya bwawa, ngoja dakika chache, ongeza tena, kisha laza mfuko samaki watoke wenyewe.

Kuhusu samaki waliokutwa wakielea mwaka huu, kamati imesikia maneno mengi kuhusu sumu. Tukio lile lilikuwa la oksijeni. Maji yalikuwa ya kijani kizito, kulikuwa na mawingu siku mfululizo, na perege walionekana alfajiri wakihema juu ya maji. Ile mimea midogo inayoyapa maji rangi hutoa oksijeni mchana, lakini usiku nayo huivuta. Ushahidi mkubwa ni kwamba kambare ambao tayari wamo bwawani hawakufa, kwa sababu kambare anaweza kupumua hewa ya juu. Mkikuta siku nyingine kambare wamekufa pamoja na perege, na wadudu wa majini na kamba nao wamekufa, hapo shukuni utupa, yaani mmea wa sumu ya kuvulia samaki, au dawa ya shambani, na mpigieni Afisa Uvuvi kabla mtu hajaokota kitoweo.

Dawa hizo si jambo la kufikirika kwetu tuliozungukwa na mikorosho. Baadhi ya viuatilifu vya mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza mikorosho, huua samaki kwa kiasi kidogo sana. Kuna watu wanaosuuza mashine za kupulizia kwenye kona ya mashariki ya bwawa. Tumeongea nao kwa heshima, na tunaomba kila mwanachama anayepulizia aoshee mashine yake shambani, mbali na mkondo wowote.

Kipimo cha maji kinaendelea kila wiki kwa sahani nyeupe iliyofungwa kwenye kamba yenye alama. Ikipotea machoni kati ya sentimita 30 na 45, maji yako sawa. Chini ya 20, hakuna kutupa pumba wala unga wa chambo majini mpaka hali irudi, kwa sababu kila kinachooza kinakula oksijeni.

Sasa uvuvi wenyewe. Ndoana ina faida ambayo wavu hauna: samaki anafika mkononi akiwa hai, unamtazama, unaamua. Sato, kama ameshaingia bwawani kwa njia yoyote, utamjua kwa mistari myembamba ya wima iliyojipanga mkia mzima. Huyo asirudishwe majini hata kama ni mdogo. Chotara anaweza kuwa na mistari hafifu au iliyokatika. Mwenye shaka ampeleke kwa katibu. Perege mkubwa asiye na mistari hiyo arudishwe. Perege waliodumaa chukueni mle.

Anayerudishwa apone. Bana kijino cha ndani cha ndoana kwa koleo kabla ya kuvua, ichomoke bila kuchana. Lowesha mikono, maana mkono mkavu unavua ute unaomkinga samaki na vidonda. Ndoana ikimezwa, kata mshipi karibu na mdomo, usivute. Kwa perege mshipi wa milimita 0.25 na nyungunyungu vinatosha. Kwa kambare tumia 0.40, mshike nyuma ya kichwa, na jihadhari na miiba ya mapezi ya kifuani.

Ukingo wa mchanga upande wa kusini unabaki umefungwa. Ukisimama pale asubuhi maji yakiwa meupe, utaona vishimo vya duara kama mabakuli, kila kimoja na dume lake jeusi likizunguka na kumkimbiza kila anayesogea. Dume aliyeko kiotoni hurukia chochote kinachotua mbele yake. Kumvua pale hakuhitaji ufundi. Vyandarua haviruhusiwi popote, na hilo ni la sheria za uvuvi, si la chama peke yake.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Ada nyingi zimelipwa, na fedha iliyotengwa kwa vifaranga vya sato haijaguswa. Kamati inaomba itumike kwa mifuko, oksijeni na usafiri wa kambare, na kukarabati kichujio cha mawe kwenye njia ya maji ya ziada kabla ya mvua za Novemba.

Mkutano utapiga kura kwa mambo matatu: kutopanda sato wa aina yoyote, kupanda kambare wa Lukuledi baada ya barua kupatikana, na kufungwa kwa ukingo wa kusini. Kadi za kuandikia samaki waliovuliwa, zikionyesha saa ulizovua, aina na urefu, zirudishwe kwa katibu leo, hata zile ambazo hamkupata kitu.