Kilwa Kisiwani isitembelewe mbiombio

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie taarifa mliyoichapa kuhusu matembezi ya miguu katika miji ya kale ya Pwani. Kwetu Lindi, tatizo si uchache wa wageni tu, bali pia namna wanavyotembezwa wakishafika. Wengi ninaowaona huvuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hadi magofu ya mji wa kale wa Kilwa Kisiwani jua likiwa limeshapanda, wakapitishwa haraka Gerezani, yaani kwenye ngome ya kale, na Msikiti Mkuu, kisha wakarudishwa bila kuiona Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 lililo juu ya genge linalotazama bahari, ambalo birika lake la pembe nane ndilo, kwa maoni yangu, la kustaajabisha kuliko yote kisiwani.

Mgeni asiyeelezwa kwamba kuba za Msikiti Mkuu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kwamba msafiri mashuhuri Ibn Battuta aliusifu mji huu alipofika mwaka 1331, ataondoka na picha tu. Wa kumweleza wapo: vijana wa kisiwani, waliokulia kando ya kuta hizo.

Napendekeza halmashauri, ikishirikiana na wasimamizi wa magofu, iwape vijana hao mafunzo na vitambulisho, itangaze ada moja inayojulikana, na ipange safari ya kwanza ianze saa 1 asubuhi, ili Husuni Kubwa ifikiwe kabla ya joto kali. Njiani viwekwe vibao vya Kiswahili pia, maana wanafunzi wetu nao ni wageni.

Mkazi wa Kilwa Masoko,
Lindi