Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mwanza

Ndugu wanachama,

Kazi za kawaida mnazijua: mbio za pole za Jumamosi hadi Capri Point, mazoezi ya kupanda Isamilo na Bugando, bonanza, rambirambi kwa wenzetu waliofiwa. Sitazirudia.

Niende kwenye lile linalosemwa pembeni: ile siku ya ziada Horombo, kambi ya njiani, katika safari ya Kilimanjaro. Eti mwenyekiti alikula fedha za chama kwa kulala. Ni kweli nilisisitiza mimi, na ningesisitiza tena. Hapa Mwanza tuko mita kama 1,140 tu juu ya usawa wa bahari. Horombo ni 3,720, Kibo, kambi ya juu yake, ni 4,720. Kimo hicho hakizoeleki kwa siku moja. Oksijeni hewani ni asilimia 21 ileile, ila kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, imeshuka. Pale kileleni, mita 5,895, pumzi moja inakupa oksijeni kama nusu ya ile ya pwani. Ndiyo maana siku hiyo tulipanda upande wa kilele cha Mawenzi, kisha tukarudi kulala palepale Horombo, ili mwili uzoee.

Mnamkumbuka kijana wetu anayetuacha sote Capri Point. Alifika Kibo kimo kimempiga: kichwa kinamgonga, anatapika, anashindwa hata kufunga kamba za viatu, na anayumba kama mlevi. Mwongozaji akataka ateremshwe usiku uleule, nami nikakubali. Asubuhi, Horombo, alikunywa uji vikombe viwili. Wanaouliza kwa nini alirudishwa wakati amelipia, waje wamuulize mama yake.

Hifadhi hutoza kwa siku na mpagazi halipwi kwa maneno, kwa hiyo ndiyo, ilitugharimu. Sh 300,000 zilizopungua nilitoa mfukoni mwangu. Sitafuti sifa, ila iingie kwenye muhtasari.

Wanachama ni 64, waliolipa ada ni 27, malimbikizo ni sh 1,850,000. Wanaolalamika zaidi wamo kwenye malimbikizo. Majina mhazini anayo. Mahudhurio ndiyo usiseme. Kwenye kundi la WhatsApp dole gumba hamsini, kwenye kikao cha Agosti tulikuwa tisa, na wawili walifuata soda.

Mwakani, Mungu akijalia, tunafikiria Mlima Meru, mita 4,566, na pengine jezi mpya. Mhazini amekaa mlangoni na kitabu cha stakabadhi.

Mwenyekiti